Steringi hafi: Kwa nini mashabiki wa Amitabh Bachchan husherehekea Agosti 2

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza anaijua sheria moja: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa filamu lazima asimame.

Kwa Amitabh Bachchan, sheria hiyo ilivunjwa mara nyingi tu. Katika Deewaar ya mwaka 1975 alifia mikononi mwa mama yake. Mwaka huohuo, katika Sholay, akafia mikononi mwa rafiki yake. Mwaka 1978 akafa tena katika Muqaddar Ka Sikandar. Watu walitoka ukumbini macho mekundu, kisha wakarudi kukata tiketi nyingine.

Halafu mwaka 1982 kifo kilimfuata nje ya skrini. Safari hii mashabiki hawakuwa tayari kukaa na kutazama.

Kilichotokea

Julai 1982, Bachchan alikuwa Bangalore akirekodi filamu ya Coolie, chini ya mwongozaji Manmohan Desai. Alicheza kama Iqbal, mpagazi wa stesheni ya treni. Jina la filamu halihitaji mkalimani kwa Mswahili: ni kuli.

Kulikuwa na pambano kati yake na Puneet Issar, mwigizaji aliyekuwa bado mgeni kwenye filamu. Bachchan alipenda kucheza mapigano mwenyewe, bila mtu wa kumwakilisha. Ilitakiwa apigwe ngumi, aangukie meza, kisha adondoke chini. Hesabu ikakosewa kidogo tu. Kona ya meza ikamchoma tumboni na kumjeruhi vibaya ndani.

Mwanzoni haikuonekana kama jambo kubwa, maana hata damu haikutoka nje. Kumbe hali ilikuwa mbaya. Alifanyiwa upasuaji, akasafirishwa hadi hospitali ya Breach Candy, Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai.

Agosti 2 hali ilizidi. Kwa mujibu wa simulizi lake mwenyewe, kwa dakika kadhaa alihesabiwa kuwa ameshaondoka. Madaktari waliendelea kumchoma sindano kama jaribio la mwisho, mpaka mkewe, Jaya, akaona kidole cha mguu kikicheza.

Ndiyo maana mashabiki wake wana sikukuu mbili. Oktoba 11 ni siku aliyozaliwa, mwaka 1942. Agosti 2 wanaiita siku aliyozaliwa mara ya pili, na kila mwaka humtumia salamu za pongezi.

Nchi nzima ilisimama

Wakati huo India haikuwa na simu za mkononi wala mitandao. Habari zilifuatwa kwenye redio, kwenye magazeti, na kwa kwenda kusimama nje ya hospitali. Watu walijazana getini. Maombi yalifanyika kwenye mahekalu, misikiti na makanisa. Waziri Mkuu Indira Gandhi alifika kumjulia hali.

Na wengine walitoa kitu ambacho hakirudishwi: damu yao. Bachchan amesema mara kadhaa kwamba aliongezewa chupa 60 hivi, kutoka kwa watu wapatao 200.

Septemba mwaka huo aliruhusiwa kurudi nyumbani. Mwanzoni mwa 1983 akarudi kazini kumalizia Coolie.

Filamu ikabadilishwa mwisho

Hapo Desai akawa na tatizo. Kwenye mswada wa awali, Iqbal alitakiwa kupigwa risasi na kufa. Lakini unamuuaje kwenye skrini mtu ambaye nchi nzima imetoka kumwombea uhai?

Desai akabadilisha. Iqbal anapigwa risasi, anapelekwa hospitali, watu wanamwombea, anapona. Yaani filamu ikaiga yaliyotokea Breach Candy.

Na kuna kitu kingine ukiitazama leo. Pambano linapofika kwenye tukio lile, picha inaganda na maandishi yanatokea kumweleza mtazamaji kwamba hapa ndipo Bachchan alipoumia. Coolie ilitoka 1983 na ikawa moja ya filamu zilizoingiza fedha nyingi zaidi India mwaka huo.

Upande ambao hausherehekewi

Mapenzi haya yalikuwa na gharama.

Wa kwanza kulipa alikuwa Puneet Issar. Ilikuwa ajali, lakini kwa mashabiki yeye ndiye aliyempiga steringi. Issar amesimulia kwamba alichukiwa na akapoteza kazi za filamu. Bachchan alimfariji akiwa bado hospitali, akamwambia kosa si lake. Hata hivyo ilipita miaka kabla Issar hajasimama vizuri tena, kupitia tamthilia ya televisheni ya Mahabharat, alipocheza kama Duryodhana.

Wa pili ni Bachchan mwenyewe. Miaka mingi baadaye, vipimo vya kawaida vilionyesha kwamba robo tatu ya ini lake ilikuwa imeharibika. Chanzo, kama anavyoeleza, ni homa ya ini aina ya B iliyoingia na damu ya mmoja wa wale waliomchangia mwaka 1982.

Fikiria hapo. Damu ileile iliyomrudisha ndiyo iliyokuja kumla ini. Na aliyeitoa, kwa hakika, alikuja kwa nia safi kabisa.

Bachchan angeweza kulia na mashabiki. Badala yake aliigeuza kuwa somo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilimteua kuwa balozi wa mapambano dhidi ya homa ya ini kwa kanda ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Ujumbe wake ni rahisi: pima mapema, chanja watoto, na damu ya msaada ichunguzwe kwanza.

Kwa nini mtu amlilie asiyemjua?

Mwaka 1956, watafiti wa Marekani Donald Horton na Richard Wohl walieleza ukaribu wa upande mmoja. Mtazamaji anamwona mtu kwenye skrini mara nyingi, anazoea sauti yake, hasira zake na kicheko chake, mpaka anamhesabu kama jamaa. Yule wa kwenye skrini hana habari naye.

Lakini kwa Bachchan kulikuwa na zaidi ya mazoea. Alipotoka na Zanjeer mwaka 1973, India ilikuwa na vijana wengi wasio na ajira na hasira zisizo na pa kwenda. Yeye akawa sura ya hasira hiyo. Katika Deewaar alikuwa mbeba mizigo bandarini anayekataa kutoa fedha kwa wababe. Katika Coolie alikuwa mpagazi. Mtu wa chini alijiona, na safari hii akijiona anashinda.

Hata pwani ya Afrika Mashariki hilo lilieleweka. Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, filamu za Kihindi zilijaza kumbi za sinema miaka hiyo. Wengi hawakujua Kihindi, lakini mama anayelia na mtoto aliyedhulumiwa havihitaji tafsiri.

Jumapili, bila viatu

Kwa miaka mingi, Jumapili jioni watu wamekuwa wakikusanyika nje ya Jalsa, nyumba ya Bachchan iliyopo Juhu, Mumbai. Geti linafunguliwa, mzee anapanda juu ya kitu kidogo ili aonekane, anapunga mkono, anaunganisha viganja. Baada ya dakika chache anarudi ndani. Wengine wametoka mbali kwa ajili ya dakika hizo tu.

Amewahi kueleza kwenye blogu yake, anayoiandika tangu 2008, kwamba akitoka kuwasalimia huvua viatu. Anaiona kama ibada, na hekaluni mtu haingii na viatu.

Kwenye blogu hiyo hawaiti mashabiki. Anawaita ukoo wake. Kwa mtu aliyeongezewa damu ya watu 200 asiowajua, neno hilo si la kupamba maandishi.