Fahamu namba 2,147,483,647 inayosubiriwa na kompyuta mwaka 2038

Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki, kompyuta ambazo hazijarekebishwa zitafika mwisho wa kuhesabu muda. Sekunde inayofuata zitaamini ni Desemba 1901.

Chanzo ni namba moja tu: 2,147,483,647. Kuipata, andika 2 mara 31, uzizidishe zote, kisha utoe 1.

Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1. Programu nyingi za zamani zilitenga nafasi 32, yaani biti 32, kwa kila namba. Moja ni ya alama ya chanya au hasi, zinabaki 31. Zote zikijaa 1, umefika kikomo. Ukiongeza moja hairudi sifuri kama mita ya pikipiki, inadondokea upande wa hasi kabisa: -2,147,483,648.

Shida ni kwamba mifumo mingi hutunza saa kwa kuhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970.

YouTube iliwahi kukutana na namba hii mwaka 2014, wimbo wa Gangnam Style wa PSY ulipotazamwa kupita kikomo hicho. Kaunta ikahamishiwa biti 64.

Lakini wanahisabati waliijua kabla hata kompyuta hazijawazwa. Mwaka 1772 Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi St. Petersburg na wakati huo karibu kipofu, alithibitisha kuwa ni namba tasa: haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na yenyewe.

Hivi alijaribu kugawanya kwa kila namba? Hapana. Kwanza, ukifika 46,340 bila kupata kigawo, hakipo. Pili, na hapa ndipo penye utamu, alionyesha kuwa kigawo chochote kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Maelfu ya namba yakaondoka mezani bila kuguswa.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuwa namba kamilifu inayotokana nayo (kamilifu ni kama 6, ambayo vigawo vyake 1, 2 na 3 vikijumlishwa vinairudisha) haitapata kubwa zaidi, eti kwa sababu hazina faida na hakuna atakayehangaika. Walihangaika, na kubwa zaidi zikapatikana.

Utasa wenyewe hauna hatia kwenye tatizo la 2038. Kikomo cha biti 64, namba 9,223,372,036,854,775,807, si tasa, kinagawanyika kwa 7, na bado kinatosha kuhesabu sekunde kwa miaka bilioni 292.

Simu mpya nyingi tayari zinatumia biti 64. Wasiwasi uko kwenye mitambo ya zamani ambayo hakuna anayeisasisha, na kwa baadhi hitilafu haisubiri 2038: mfumo wa aina hiyo ukipewa leo mkopo wa nyumba wa miaka 20, tarehe ya rejesho la mwisho haiwezi kuiandika.