Kuweka Nyongeza ya Bati Kwenye FreeCAD Bila Bando

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, kuna kona ambazo mtandao unapotea kabisa. Hilo nililijua, lakini kwenye mazoezi ya kufundisha nilipanda na kompyuta yangu nikijiamini. Kipindi kilikuwa cha Hisabati. Nilitaka wanafunzi waone tranka la bati, lile lile wanalobeba kwenda bweni, linavyopatikana kutoka kwenye bati bapa. Nikabofya. Programu ikagoma. Darasa zima linanitazama, mwalimu mwenyeji kakaa nyuma na daftari lake. Nikachukua boksi la chaki, nikalikunjua mbele yao, kipindi kikapita.

Kosa lilikuwa langu, na wewe unayejiandaa kwenda mazoezini unaweza kulikwepa.

FreeCAD ni programu ya kuchora maumbo kwa kompyuta. Ipo tangu 2002, ni ya bure na ni halali, kwa hiyo huna haja ya kraki zinazokuja na virusi vyake. Lakini haiji na kila kitu. SheetMetal, nyongeza ya kazi za bati, unaiweka mwenyewe. Inakunja kuta za umbo, kisha inalikunjua likawa bapa, kama fundi anavyochora kabla ya kushika mkasi.

Ukiwa na mtandao kazi ni nyepesi: fungua menyu ya Tools, ingia Addon Manager, tafuta SheetMetal, bonyeza Install, kisha funga programu na uifungue upya.

Kama kompyuta haina mtandao, fanya hivi:

1. Pakua faili la zipu la SheetMetal ukiwa chuoni, uliweke kwenye flashi.
2. Fungua FreeCAD, nenda kwenye dirisha la Python, andika App.getUserAppDataDir() halafu bonyeza Enter. Utaonyeshwa folda yako ilipo.
3. Ndani yake tafuta folda ya Mod. Kama haipo, itengeneze.
4. Fungua zipu, weka folda ya nyongeza humo, uipe jina SheetMetal.

Hapo namba nne ndipo nilipoteleza. Zipu ilinipa folda ndani ya folda, mimi nikahamisha ile ya nje. Ukifungua SheetMetal, faili la package.xml lionekane hapo hapo. Ukilikuta ngazi moja chini, umekosea kama mimi.

Ukikunjua umbo utaulizwa namba K. Bati likikunjwa, upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutika. Katikati kuna mstari usiobadilika urefu. K ni umbali wa mstari huo kutoka upande wa ndani, ukigawanywa kwa unene wa bati. Bati la milimita 1, nusukipenyo cha ndani milimita 1, K ikiwa 0.4: mkunjo wa nyuzi 90 unakula milimita 2.2 hivi. Kidogo, lakini tranka lina mikunjo mingi, na mfuniko usiofunga hauna mteja.

Mwisho, zima data ukiwa bado chuoni, kunja umbo moja na ulikunjue. Likikubali, panda Kibosho. Na boksi la chaki beba tu.