Mhadhiri Akifariki, Bendera ya Taifa Haishuki

Simu huingia alfajiri, na anayepiga hajalala. Chuo kimefiwa. Tukishapeana pole, linafuata swali lile lile: "Mzee, bendera tuishushe mpaka wapi?" Mara nyingine mlinzi tayari yuko chini ya mlingoti, kamba mkononi, anasubiri kuambiwa kipimo.

Kwa kazi yangu ya itifaki nimeulizwa hivyo na vyuo vikuu, vya ualimu, vya ufundi na vya uuguzi, na sasa naomba swali hili likome. Anayeuliza kipimo ameshajipa ruhusa ambayo hana. La kuuliza kwanza ni: nani ameagiza? Kama jibu ni "mkuu wa chuo" au "menejimenti ilikaa usiku", basi bendera ya taifa ibaki juu kabisa.

Imani iliyoota mizizi vyuoni ni kwamba nusu mlingoti ni heshima ambayo kila taasisi humpa mtu wake, na kwamba mwenye mlingoti ndiye mwenye amri. Si kweli. Mlingoti ni wa chuo, kamba ni ya chuo, hata kitambaa kimenunuliwa kwa fungu la chuo. Lakini bendera ikishapanda ni ya nchi nzima, na inaposhuka nusu inatangaza jambo moja tu: taifa limefiwa. Tangazo hilo hutolewa na Rais. Machi 17, 2021, alipofariki Rais Magufuli wa Tanzania, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, ndiye aliyelitangazia taifa msiba huo pamoja na siku 14 za maombolezo na bendera kupepea nusu mlingoti. Alipofariki Rais mstaafu, Mzee Mwinyi, Februari 29, 2024, zikatangazwa siku 7. Hakuna mkuu wa mkoa wala wa chuo aliyejipangia idadi yake.

Hapo huwa najibiwa kwamba basi heshima hii ni ya wakubwa tu, na chuo kinajaribu kuwapa haki wadogo. Hoja hii ina huruma ndani yake, lakini haina ukweli. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Waliokufa walikuwa wakulima, wafanyabiashara wa mnadani, akina mama na watoto. Rais alitangaza siku 4, na bendera zikashuka nchi nzima. Kenya, Aprili 2, 2015, magaidi waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na Rais Uhuru Kenyatta akatangaza siku 3 za maombolezo ya kitaifa. Septemba 2024 bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri, liliteketea na watoto 21 wakafariki. Rais Ruto akaagiza bendera nusu mlingoti kwa siku 3. Watoto wale hawakuwa na cheo chochote. Kinachoshusha bendera ni uamuzi kwamba msiba umekuwa wa wote, na uamuzi huo una mwenyewe.

Tazama sasa kinachotokea mkijiamulia. Saa kumi na mbili jioni mlinzi anapuliza filimbi ya kuteremsha bendera. Mwenye bodaboda anazima pikipiki, mama mwenye beseni la ndizi anasimama, wanafunzi waliokuwa wakikimbilia daladala wanaganda walipo. Wanainua macho na kuona bendera iko katikati ya mlingoti. Mtu anaogopa. Anatoa simu na kuuliza nyumbani: nani amekufa, ni Rais? Hofu hiyo chuo hakina haki ya kuisambaza mtaani. Mkirudia mara ya pili na ya tatu, watu wataacha kuinua macho, na siku taifa litakapofiwa kweli bendera haitawaambia kitu.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi, ambalo menejimenti hawalifikirii usiku ule wa kikao. Mkishusha bendera kwa ajili ya profesa, mtafanya nini mwezi ujao akifariki mpishi wa kantini aliyewalisha wanafunzi miaka ishirini? Na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyegongwa na gari barabarani? Nimemwona mzazi akisimama chini ya mlingoti wa chuo baada ya mazishi, akiuliza kwa upole kabisa kwa nini bendera haikushushwa kwa mwanawe ilhali ilishushwa kwa mkuu wa idara. Hakupata jibu, kwa kuwa jibu la haki halipo. Aliyeanzisha upendeleo ule alidhani anatoa heshima.

Wengine hunitajia Marekani. Kule magavana nao wana mamlaka ya kuagiza bendera ishushwe, na vyuo vingi hujiamulia. Ni utaratibu wao. Lakini waulizeni Hampshire College, Massachusetts. Novemba 2016, baada ya uchaguzi wa rais, bendera pale chuoni ilishushwa nusu mlingoti. Uongozi ulieleza hivi, walio nje wakaelewa vile. Bendera ikachomwa moto usiku, chuo kikaacha kabisa kupeperusha bendera, maveterani wakaja kwa mamia kuandamana, na mwanzoni mwa Desemba ikapandishwa tena. Yote hayo kwa sababu kila mtu alikuwa na maana yake ya kamba ile ile.

Basi mfanye nini? Shusheni bendera ya chuo. Hiyo ni yenu, na hapo mkuu wa chuo ana amri kamili: kwa profesa, kwa mpishi, kwa mwanafunzi, kwa kanuni moja iliyoandikwa na inayojulikana kwa wote. Ya taifa inabaki juu, ya chuo inashuka kwenye mlingoti wake. Fungueni kitabu cha maombolezo. Simameni kimya dakika moja kabla ya vipindi, au ahirisheni vipindi siku ya mazishi. Kwa bendera ndogo ya ukumbini isiyoweza kushuka, fungeni utepe mweusi juu ya fimbo yake.

Amri ya Rais ikija, pandisheni kwanza hadi juu kabisa, subirini kidogo, ndipo mshushe taratibu. Jioni irudi juu kwanza kabla ya kuteremshwa. Kipimo? Waingereza huiacha theluthi mbili ya mlingoti, Wamarekani nusu kamili. Cha muhimu ni ionekane wazi kwamba imeshushwa makusudi, si kwamba kamba imekwama kwenye kapi. Kamba ikikwama kweli, itengenezwe siku hiyo hiyo. Bendera nyingine zote, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya chuo, zishuke pamoja nayo au ziondolewe. Isibaki hata moja juu ya bendera ya taifa. Ikigusa chini kwa bahati mbaya, iokoteni, isafisheni, ipandisheni. Hakuna haja ya kuichoma. Iliyochanika au kupauka kwa jua, badilisheni bila kungoja ukaguzi.

Vyuo vingi vinavyonipigia havina bendera yake, au vinayo moja tu imekunjwa kabatini kwa msajili tangu mahafali. Shoneni bendera ya chuo, simikeni mlingoti wake, andikeni kanuni ya nani huishusha na kwa siku ngapi, na muifanye kazi hiyo muhula huu, kabla hamjafiwa.