Shang-Chi, shujaa wa bede aliyelelewa awe muuaji: mwalimu wake alikuwa baba yake mzazi

Kwa wapenzi wengi wa sinema, Shang-Chi ni yule kijana anayepigana ndani ya basi katika jiji la San Francisco, kwenye filamu ya Marvel iliyotoka mwezi wa 9 mwaka 2021. Lakini kabla ya filamu, alikuwa shujaa wa vitabu vya michoro, vile ambavyo vijana wengi huita bede. Hadithi yake ilianza mwaka 1973, na tangu mwanzo inauliza swali gumu: mtoto aliyefundishwa kuua na mzazi anayemheshimu, atafanya nini siku atakapojua ukweli?

Mwaka wa kung-fu

Mwaka 1973, homa ya kung-fu ilikuwa imeshika ulimwengu. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai mwaka huo akiwa na miaka 32, na filamu yake "Enter the Dragon" ikatoka Marekani mwezi uliofuata. Kwenye televisheni, Wamarekani walikuwa wakifuata mfululizo wa "Kung Fu" ulioigizwa na David Carradine. Mfululizo huo ulikuwa mali ya Warner, kampuni iliyomiliki pia DC, mpinzani mkubwa wa Marvel. Kwa hiyo mwandishi Steve Englehart na mchoraji Jim Starlin walimtungia Marvel shujaa mwingine kabisa.

Shang-Chi alionekana mara ya kwanza katika jarida la "Special Marvel Edition" nambari 15, la Desemba 1973. Wasomaji walimpenda haraka. Kuanzia nambari 17, jarida lilipewa jina la "Master of Kung Fu", na likaendelea hadi nambari 125, mwaka 1983. Sehemu kubwa iliandikwa na Doug Moench. Mchoraji Paul Gulacy alimpa Shang-Chi sura inayofanana na ya Bruce Lee.

Tatizo lilikuwa baba. Marvel ilikuwa imepata haki za kutumia Fu Manchu, mtu mwovu aliyetungwa na Mwingereza Sax Rohmer kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Fu Manchu ni daktari wa Kichina mwenye akili nyingi anayetaka kuitawala dunia. Kwa miaka mingi sura yake ilitumika kuwatisha watu wa Ulaya na Marekani kuhusu Wachina, na ndiyo sababu wengi leo wanamuona kama mfano wa ubaguzi. Marvel ilimchukua huyo huyo, ikamfanya baba na bwana wa shujaa wake mpya.

Mafunzo nyuma ya kuta

Shang-Chi alikulia China, katika jimbo la Honan, ndani ya makao ya baba yake. Alifundishwa kupigana kwa mikono mitupu na kwa silaha, mpaka akawa na ufundi ambao watu wachache tu wangeweza kuushinda. Hakulelewa kama mtoto mkali. Alikuwa mpole, mtu wa kutafakari kabla ya kusema.

Uovu wa mwalimu haukuwa katika ngumi. Ulikuwa katika yale aliyomwambia mwanawe, na katika yale aliyomficha. Kijana aliambiwa kwamba baba ni mtu mwema anayetafuta amani ya ulimwengu, na kwamba wanaompinga ni watu wabaya. Ndani ya zile kuta, hakuna aliyemwambia kitu tofauti. Kwa hiyo alipotumwa London kumuua mzee mmoja aitwaye daktari Petrie, hakuona kwamba anatenda kosa. Aliingia usiku chumbani kwa mzee, akafanya alilotumwa.

Katika nyumba hiyo hiyo akakutana na Nayland Smith, Mwingereza aliyepigana na Fu Manchu maisha yake yote. Huyo ndiye wa kwanza kumwambia baba yake ni nani hasa. Shang-Chi hakutaka kuamini, akaenda kumuuliza mama yake. Mama akathibitisha. Kuanzia hapo, mtoto akageuka kuwa adui wa baba.

Waalimu wa namna hiyo si wageni katika hadithi za mashujaa. Katika filamu "Batman Begins" ya mwaka 2005, Bruce Wayne anafundishwa milimani na kundi la Ra's al Ghul. Mwisho wa mafunzo, anaamriwa amkate kichwa mfungwa. Anakataa. Lakini Bruce alikwenda kule akiwa mtu mzima, kwa miguu yake mwenyewe, na ukweli aliupata kabla ya kupiga. Shang-Chi hakuchagua mwalimu, na alipoujua ukweli alikuwa amekwisha kutii.

M'Nai, ndugu ambaye hakuondoka

Katika nambari 16, Fu Manchu anatuma mtu wa kumuua mwanawe. Mtu huyo anaitwa M'Nai, au Midnight. Ni Mwafrika. Kijiji chake kiliharibiwa na askari wa Kiingereza alipokuwa mtoto, naye akabaki yatima mwenye makovu usoni. Fu Manchu alimuokota, akamlea na kumfundisha pamoja na Shang-Chi. Wawili hao walikua kama ndugu.

Nyumba ilikuwa moja, na mwalimu mmoja. Lakini siku ya kuchagua ilipofika, kila mmoja alishika njia yake. Shang-Chi alikuwa na mama wa kumuuliza, na alikutana na mtu wa nje aliyemfungua macho. M'Nai hakuwa na mtu wala kijiji cha kurudia. Aliyemuokota katika majivu ndiye huyo huyo aliyekuwa anamtuma kuua. Akapigana na ndugu yake, na pambano hilo likaishia kwa kifo chake.

Kwa msomaji wa mashariki mwa Congo, sehemu hiyo si mchezo wa karatasi tu. Hapa neno "kadogo" linajulikana tangu vita vya 1996 na 1997, wakati watoto walipotembea na bunduki katika jeshi la AFDL. Swali la M'Nai limefika hata mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, huko La Haye. Mganda Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto, akakua ndani ya kundi hilo mpaka akawa kamanda. Mwaka 2021 alipatikana na hatia na kuhukumiwa miaka 25 jela. Waamuzi walikubali kwamba utoto wake ulioibiwa upunguze adhabu, lakini hawakukubali kwamba ufute makosa aliyoyafanya akiwa mtu mzima.

Baba mpya kwenye sinema

Jina la Fu Manchu halikuweza kudumu. Marvel ilipoteza haki za kulitumia, na katika bede za miaka ya baadaye baba akaitwa Zheng Zu. Mwaka 2020, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Kichina, Gene Luen Yang, alianza kuandika upya visa vya Shang-Chi, na ndani yake watoto kadhaa wa baba huyo wanagombania urithi wake.

Filamu ya 2021, iliyoongozwa na Destin Daniel Cretton, ilimuacha Fu Manchu kabisa. Baba ni Wenwu, anayeigizwa na Tony Leung wa Hong Kong. Ameishi zaidi ya miaka 1000 kwa nguvu za pete 10 anazovaa mikononi. Alikuwa ameziweka chini kwa ajili ya mke aliyempenda. Mke alipouawa na maadui wake wa zamani, Wenwu alizivaa tena na kuanza kumfundisha mwanawe, akiwa na miaka 7. Mtoto anapiga nguzo ya mti mpaka mikono inaumia, chini ya macho ya mwalimu aliyefunika uso.

Akiwa na miaka 14, anatumwa kumuua mkubwa wa kundi lililomuua mama yake. Baada ya hapo anakimbilia San Francisco, anajiita Shaun, anapata kazi ya kuegesha magari ya wageni hotelini. Kwa miaka 10 hasemi neno. Ni karibu na mwisho wa filamu ndipo anamwambia rafiki yake Katy kwamba siku ile hakukimbia kabla ya kuua. Alimuua yule mtu kwanza.

Wenwu si mwongo kama Fu Manchu. Yeye ni mzazi mwenye uchungu, anayedhani kwamba kumfanya mtoto awe mgumu ndiyo njia ya kumlinda. Ndiyo maana anatisha zaidi: watu wengi wameshamuona baba wa namna hiyo.

Katika kijiji cha mama yake, Shang-Chi anapata mwalimu mwingine, shangazi Ying Nan, anayeigizwa na Michelle Yeoh. Huyu anamtaka afungue kiganja badala ya kukunja ngumi. Hamwambii asahau yale ya baba. Anamwonyesha kwamba ndani yake yumo pia mama. Mwisho wa filamu baba anakufa, na zile pete zinahamia mikononi mwa kijana.

Lakini kambi ya Wenwu haikufungwa. Binti yake Xialing, ambaye zamani hakuruhusiwa kufundishwa na akajifunza mwenyewe kwa kuchungulia, ndiye anayekalia kiti cha baba katika picha za mwisho. Sasa wasichana wanafanya mazoezi pamoja na wanaume. Filamu inaishia hapo, bila kusema watatumwa wapi.