Kisu Kisitangulie Shauri

Mwaka 1974 Rose Kushner, mwandishi wa habari wa Marekani, alipogundua uvimbe katika titi lake, alikuta desturi ya wapasuaji wa zama hizo ikimngoja: mgonjwa atiwe usingizini, uvimbe upimwe papo hapo, na ukiwa ni saratani titi likatwe kabla hajaamka. Alilala hajui, akiamka ndipo apapase kifua. Kushner alikataa. Alitaka aamke kwanza, ashauriwe. Wapasuaji kadha wakamkatalia, naye akashikilia. Na mwaka 1979 alikuwamo katika jopo la kitaifa lililopendekeza kupima na kukata vitenganishwe.

Waama, leo maji yamegeuka. Huko huko Marekani wako wanawake wengi wenye saratani ya titi moja ambao wenyewe huomba na la pili, lisilo na ugonjwa, liondolewe. Anayesita ni daktari, na ana hoja. Kwa asiyerithi kasoro ya jeni, hatari ya upande wa pili haifiki 1 kwa mia kwa mwaka, na kulikata hakujaonekana kumrefushia maisha, maana kinachoua ni ile saratani ya kwanza ikitambaa mwilini. Aliyerithi kasoro ya jeni iitwayo BRCA1 hesabu yake ni nyingine: kiasi cha 40 kwa mia katika miaka 20. Huyo akiomba kisu, nani atamwita mwoga?

Basi daktari ana hesabu, na mwanamke ana hofu yake, usingizi anaoukosa kila akingoja majibu ya picha, na mwili ambao ndiye atakayeuvika nguo kesho. Kimoja bila cha pili si shauri, ni amri.

Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa katika Suratul Baqara hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kumewekewa sharti la wazazi kuridhiana na kushauriana. Sembuse kuliondoa! Lakini mara ngapi nimeona mume na shemeji wameketi mbele ya daktari, na mwenye titi yu nje bengini, ndani ya buibui lake, akingoja kuletewa habari zake mwenyewe?

Naye aitwe ndani, aulize: jeni zangu zimepimwa? Nikibaki nalo, nitachunguzwa vipi? Titi lisilo na ugonjwa halina haraka. Latibiwa kwanza lenye saratani, na hili laweza kungoja hata miezi, majibu yaje, mwenyewe afikiri.