Malalo ya Msafiri

Wahenga walisema, "Msafiri kafiri." Mtu aliye njiani hana hiari: hula apatacho, hulala apoonyeshwa. Kwa chakula maneno haya ni ya kweli, lakini kwa malalo si ya kweli yote, maana malalo mtu aweza kuyachagua angali nyumbani, akayafunga vema na kuyachukua. Leo twapenda kueleza jinsi ya kuyachagua, kwa faida ya wale watokao Chiwata kwenda Masasi, au Newala, au bondeni mwa Ruvuma, wakashikwa na usiku kabla ya kufika: mwalimu na wanafunzi wake, waendao msibani, wavuvi, na walinzi wa mashamba.

Askofu Steere alipotoka Lindi mwaka 1876 kwenda hata Masasi, pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, hapakuwa na gari wala njia ya gari. Mizigo ilichukuliwa vichwani. Zamani zile mtu mkubwa aliweza kuwa na kitanda cha turubai, kwa kuwa alikichukua mpagazi. Siku hizi kila mtu ni mpagazi wa nafsi yake. Kwa hiyo swali la kwanza si kitanda gani ni kizuri, bali ni kitu gani kinastahili uzito wake.

Usiku una maadui watatu. Wa kwanza ni baridi. Toka mwezi wa Juni hata Agosti upepo wa kusi huvuma juu ya uwanda wa Makonde, na alfajiri ni baridi sana. Wengi hudhani baridi hutoka juu tu, basi hujifunika mablanketi mawili, na bado hutetemeka. Sababu ni kwamba ardhi hunyonya joto la mwili uliolala juu yake. Kinachozuia joto lisitoke ni hewa iliyokaa kimya katikati ya nyuzi au majani. Na blanketi lililolaliwa hubanwa, hewa ikatoka. Dawa yake ni kuweka chini majani makavu yaliyokung'utwa, halafu jamvi au mkeka, ndipo blanketi. Hata mwenye kitanda cha turubai asijidanganye: upepo hupita chini yake na kumpoza mgongo. Naye atandike mkeka au blanketi moja chini yake, na kujifunika jingine.

Adui wa pili ni wadudu wa chini, na mkubwa wao ni papasi. Huyu hukaa katika nyufa na vumbi la sakafu ya udongo. Mchana hujificha, usiku hutoka akanyonya damu, kisha hurudi kabla mtu hajaamka. Tena aweza kukaa muda mrefu pasipo kula, akimngoja mgeni. Kuumwa kwake huleta homa ambayo huondoka, kisha hurudi tena. Mwaka 1905 daktari Dutton wa Liverpool, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo katika Kongo, alifariki kwayo. Basi ukikaribishwa katika kibanda cha zamani chenye nyufa, usilale sakafuni wala usiegemeze malalo yako ukutani. Omba kitanda cha kamba, ukivute mbali na ukuta, na nguo zako zisiburure chini. Kama hakuna kitanda, ni heri kulala barazani penye sakafu iliyosakafiwa kuliko ndani penye vumbi.

Adui wa tatu ni mbu, naye ndiye mwuaji kuliko wote. Mwaka 1897 daktari Ross aliona vijidudu vya malaria katika tumbo la mbu, na toka hapo hapana udhuru wa kusema kwamba homa huletwa na umande au na hewa mbaya. Mbu wa malaria huuma usiku. Lakini yuko na mwingine aumaye mchana, na nchi yetu ina habari yake. Mwaka 1952 ugonjwa wa maumivu makali ya viungo uliwashika watu wengi wa uwanda wa Makonde, na jina ulilopewa kwa Kimakonde, chikungunya, ndilo litumiwalo leo katika dunia yote. Maana yake ni kupindika, kwa jinsi wagonjwa walivyojikunja kwa maumivu. Mbu wake huzaa katika maji yaliyowekwa vyomboni, na uwandani, ambako maji ni ya shida, vyombo vya maji vilikuwa karibu na kila nyumba. Basi msafiri aliyechoka akilala adhuhuri, na atundike chandarua chake vile vile.

Chandarua hakifiki kilo moja, na kikikunjwa chaingia katika mfuko mdogo. Kifungwe pembe zake nne kwa kamba, katika miti iliyo karibu au vijiti vilivyosimikwa, na upindo wake uchomekwe chini ya mkeka pande zote. Kisiguse mwili, maana mbu huuma kupitia matundu. Kilichotiwa dawa kianikwe kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu dawa.

Sasa tuchague. Aendaye kwa miguu achukue chandarua, mkeka mwepesi na blanketi moja. Majani atayapata njiani. Mwenye baisikeli aongeze blanketi la pili na turubai dogo la kuzuia unyevu wa ardhi. Aendaye kwa gari aweza kuchukua kitanda cha kukunja au godoro jembamba la sponji. Godoro la kujaza upepo ni laini, lakini mwiba mmoja hulimaliza. Walinzi wa mashamba wakumbuke jambo jingine. Wachunguzi walihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba katika Tanzania toka 1990 hata 2004, na wilaya za kusini ziliumia sana. Nguruwe huyafuata mazao, simba huwafuata nguruwe, na mlinzi yu katikati yao. Dungu liwe juu, lenye nguzo imara na kuta za miti, na ngazi ipandishwe juu. Nyasi peke yake hazimzuii simba.

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Twawajua baba wengine, watu wema, ambao wakitaka kusafiri hufungua chandarua kilicho juu ya kitanda cha watoto na kukitia mfukoni. Baba hurudi mzima, akamkuta mtoto ana homa. Toka mwaka 2013 vyandarua viligawiwa kwa wanafunzi katika shule za mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, ili vifike majumbani. Havikutolewa kwa ajili ya safari za wakubwa. Mtu mzima aliyekulia nchi hii aghalabu ana nguvu fulani ya kushindana na malaria; mtoto mdogo hana, naye hufa upesi.

Basi anayejiandaa kwa safari, kabla ya kununua godoro au kitanda, anunue kwanza chandarua cha pili, kikae pamoja na mkeka wake wa njiani, wala kisichanganywe na cha nyumbani. Hapo atalala vema popote aendapo, na watoto wake watalala vema nyuma yake.