Kabla ya kukimbilia dawa ya kikohozi, mvue mtoto fulana umtazame kifua

Mtoto akikohoa usiku, mkono wa mzazi huenda kwanza kwenye paji la uso. Akiwa wa moto, hupewa dawa ya homa. Asipokuwa wa moto, hufunikwa vizuri na kulazwa. Sehemu ambayo ingesema mengi zaidi, yaani kifua, hubaki imefichwa chini ya fulana, sweta na blanketi.

Nimonia, ambayo wengi huiita homa ya mapafu au kichomi, ndiyo maambukizi yanayoua watoto wengi kuliko mengine yote duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 iliua watoto 740,180 wenye umri chini ya miaka mitano, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa rika hilo. Dalili zake mbili kubwa hazihitaji kipimo wala daktari kuziona. Zinahitaji mwanga, saa na mtoto aliyevuliwa nguo ya juu.

Kifua cha mtoto si kifua cha mtu mzima kilichopunguzwa

Kila binadamu ana jozi 12 za mbavu, wanaume kwa wanawake, ingawa bado wapo wanaoamini mwanamume amepungukiwa ubavu mmoja. Ndani ya kizimba hicho kuna mapafu mawili na moyo katikati, umeegemea kidogo kushoto. Kwa sababu moyo umechukua nafasi upande huo, pafu la kushoto lina sehemu mbili na la kulia lina tatu. Sakafu ya kizimba ni msuli mpana uitwao kiwambo, unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, hewa huingia. Kikipanda, hewa hutoka.

Kwa mtu mzima mbavu zimekauka kuwa mifupa na zimeinama kuelekea chini, hivyo anapovuta hewa huinuka na kupanua kifua. Mbavu za mtoto mchanga bado ni laini, sehemu kubwa ni gegedu kama ile ya sikio, na zimelala karibu sawasawa. Haziwezi kuinuka sana. Ndiyo maana mtoto mchanga huonekana akipumua kwa tumbo, na hilo si ugonjwa.

Ugonjwa huonekana pale mapafu yanapojaa majimaji na usaha yakawa magumu. Kiwambo hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, na zile mbavu laini, badala ya kustahimili, huvutwa ndani. Sehemu ya chini ya kifua hubonyea kila mtoto anapoingiza hewa, wakati tumbo linatoka nje. Mtu mzima mwenye nimonia kali anaweza asionyeshe alama hiyo kwa sababu mbavu zake ni ngumu. Kwa mtoto, ulaini wa mbavu humsaidia mzazi kuona kinachoendelea ndani.

Hesabu dakika nzima

Dalili ya pili ni kasi. Pafu lililoziba haliingizi oksijeni ya kutosha kwa pumzi moja, hivyo mwili huongeza idadi ya pumzi. Wahudumu wa afya hutumia viwango vya WHO: mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno; wa miezi miwili hadi 11, pumzi 50 au zaidi; wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, 40 au zaidi. Kifua au tumbo kupanda na kushuka ni pumzi moja.

Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya, kisha weka saa ya simu na uhesabu dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hudanganya, hasa kwa wachanga, ambao hupumua haraka, wakasimama kidogo, wakaendelea. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, ukipata 60 au zaidi rudia mara ya pili kabla ya kuamua, lakini usisubiri asubuhi ndipo urudie.

Mtoto anayepumua haraka au anayebonyea kifua anapaswa kuonwa siku hiyohiyo. Kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea na haamki vizuri, amepata degedege, midomo ina rangi ya bluu, au anakoroma kwa sauti ya kukwaruza hata akiwa ametulia, hiyo ni safari ya hospitali wakati huohuo, iwe saa nane za usiku.

Anasema tumbo, kumbe ni pafu

Watoto wa miaka minne au mitano huwachanganya hata wauguzi. Mtoto ana homa, anashika tumbo, analalamika linauma. Nyumbani wanafikiria minyoo au chakula. Sehemu ya chini ya mapafu imekalia kiwambo, na mishipa ya fahamu ya eneo hilo huhudumia pia ngozi na misuli ya tumbo. Uvimbe wa pafu chini kabisa unaweza kusikika kama maumivu ya tumbo. Mtoto mwenye homa na tumbo linalouma naye ahesabiwe pumzi.

Karanga hupenda kulia

Bomba la hewa likifika katikati ya kifua hugawanyika mara mbili. Tawi la kulia ni pana zaidi, fupi zaidi na limenyooka zaidi kuelekea chini. Punje ya karanga, mbegu ya chungwa au shanga ikipita koo kwa bahati mbaya, mara nyingi huangukia huko.

Kinachofuata huwapoteza wengi. Mtoto anakohoa kwa ghafla, anakabwa, macho yanamtoka, kisha anatulia na kila mtu anashukuru. Siku au wiki kadhaa baadaye kikohozi kinaanza upya, anatibiwa nimonia, anapona nusu, inarudi upande uleule. Eksirei huenda isionyeshe kitu, kwa kuwa karanga haionekani kama sarafu inavyoonekana. Sentensi moja ya mzazi, kwamba “alikabwa akila karanga”, inaweza kumfanya daktari aagize kipimo cha kamera nyembamba, ambayo pia hutumika kuitoa. Isemwe hata kama ni tukio la mwezi uliopita. Na karanga nzima si chakula cha mtoto wa chini ya miaka mitano, hata kama kaka zake wanakula.

Mapafu yamefunikwa na utando wa tabaka mbili, katikati yake kuna unyevu kidogo tu. Nimonia au kifua kikuu vinaweza kujaza maji hapo. Daktari hugonga kifua kwa vidole: penye hewa hulia kama ngoma, penye maji hunyamaza. Njia hiyo iliandikwa mwaka 1761 na Leopold Auenbrugger wa Austria, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Inasimuliwa aliona watu wakigonga mapipa ya mvinyo kujua yamejaa hadi wapi. Maji yakiwa mengi hutolewa kwa sindano ubavuni, jambo linalowatisha wazazi wengi. Sindano hupitishwa juu ya ukingo wa ubavu, kwa kuwa mishipa ya damu na ya fahamu hupita chini ya kila ubavu.

Moyo nao una lugha yake. Mtoto anayetoka jasho kichwani kila anaponyonya, anaacha titi kupumzika na haongezeki uzito, aambiwe daktari kuhusu moyo, si kikohozi pekee.

Kukata kimeo hakuna nafasi hapa. Kimeo kiko kooni, ugonjwa uko kwenye mapafu. Kisu huongeza kuvuja damu, maambukizi na hata pepopunda, na siku zinazopotea ni zile ambazo dawa ya kuua bakteria ingefanya kazi. Dawa za maji za kikohozi nazo hazitibu nimonia. Kinga ipo kliniki: Tanzania, chanjo ya nyumonia hutolewa mtoto akiwa na wiki sita, 10 na 14, siku zilezile za chanjo ya pentavalenti. Aliyekosa dozi, kadi yake ipelekwe kituoni ikaangaliwe.